HISTORIA YA GARI LETU



Kikundi chetu kimefikisha miaka kumi, tangu 2015 hadi 2025. Katika kurasa nyingine mtasoma habari za hisa, za mikopo na za mfuko wa jamii. Sisi wa kamati tumepewa kazi ya kuandika historia ya gari. Wapo waliosema gari ni chombo tu, lina historia gani? Lakini kila mmoja wetu anajua kwamba kikundi hiki kilitaka kuvunjika mara mbili, na mara zote mbili sababu ilikuwa gari. Kwa hiyo tutaeleza yote, mazuri pamoja na yale ya aibu, maana watoto wetu wakisoma mazuri peke yake watarudia makosa yetu.

Kabla ya gari

Mgeni akifika Tukuyu anasifu kijani. Anasifu migomba, chai, maparachichi, na Mlima Rungwe ukijitokeza mawingu yakiondoka. Ni kweli ardhi yetu ni ya majivu ya volkano na inazaa. Mvua nayo haituachi, kwa mwaka inapita milimita 2,000. Lakini mvua ile ile inayonenepesha mkungu ndiyo inayoharibu njia ya kuutoa mkungu shambani. Toka Novemba hadi Mei barabara za vijijini zinakuwa utelezi mtupu, ule udongo mwekundu unaoshika kiatu ukabaki na mguu.

Mama zetu walibeba kichwani. Mkungu kichwani, mtoto mgongoni, jembe mkononi. Wanaume wengi wa zamani walikwenda kutafuta fedha mbali, wengine kwenye dhahabu ya Chunya, wengine kwenye migodi ya shaba kule ng'ambo ya mpaka, na wengine mpaka Afrika Kusini. Shamba likabaki kwa mama, na mzigo ukabaki kwa mama.

Sisi tuliokuwa watoto wa shule ya msingi miaka ya mwisho ya 1970 tunaikumbuka hali ya magari ilivyokuwa. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi ikaishiwa fedha za kigeni. Lori likikosa tairi linalala juu ya mawe mwaka mzima, kuku wanatagia ndani. Sheria ya kurudisha ushirika ilikuja 1982, na mwaka 1984 Serikali iliruhusu mwenye fedha zake nje aingize bidhaa. Taratibu tukaanza kuona magari yaliyotumika yakitoka Japani. Huko nao wanaendesha kushoto kama sisi, usukani upo kulia, kwa hiyo gari lilikuwa linafaa hivyo hivyo lilivyo.

Lakini magari yakawa ya wenye magari. Mlanguzi anakuja na Fuso, anasimama kwenye lami, hashuki shambani. Sisi tunashusha mikungu kwa kichwa au kwa bodaboda, tunaipanga chini, tunamngoja. Akifika asubuhi anataja bei. Tukikataa anakaa kivulini anakunywa soda. Jioni anataja bei nyingine, ndogo kuliko ile ya asubuhi, nasi tunapokea, kwa sababu ndizi haina subira na hakuna mama anayeweza kuurudisha mkungu mlimani. Kwa wenzetu wa viazi kule Ntokela ilikuwa lumbesa. Gunia linajazwa, linashonewa kilemba juu, linakuwa kama mama mjamzito, na bei ni ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza gunia kupita kilo 100, lakini pale shambani mwenye gari ndiye mwenye sheria.

Siku moja katika mkutano wa 2017 mwenzetu mmoja alisema, "Sisi hatukosi ndizi, tunakosa magurudumu." Hapo ndipo habari ya gari ilipoanza.

Mfuko wa gari

Tulikuwa wanachama 30. Tuliamua kila mmoja atoe shilingi 3,000 kila wiki, mbali na hisa, ziingie mfuko wa peke yake. Fedha hizo hazikopwi wala hazigawiwi mwisho wa mwaka. Haikuwa rahisi. Vikundi vya namna yetu vimezoea kuvunja kibubu kila mwaka, kila mtu aende na chake, na Desemba ni mwezi wa ada, sare na sikukuu. Kuona fedha zipo benki na wewe huna unga ni mtihani.

Mama mmoja, ambaye hapa hatutamtaja lakini wote mnamjua na yeye mwenyewe ameruhusu tuandike, alisimama akapinga. Alisema, "Gari ni mume wa pili. Linakula kila siku, hata siku ambayo halikufanya kazi." Tulicheka sana. Baadaye tulikuja kuona kwamba alikuwa amepiga hesabu kuliko sisi tuliocheka.

Mwaka 2020 tulikaribia kununua. Dalali mmoja alituletea pikapu nzuri, imepakwa rangi, inang'aa. Tukatoa laki tano ya kushikia. Fundi wetu alipofika akasugua tope kwenye chesisi, akasoma namba, akasoma kadi, akatutazama. Namba hazifanani. Dalali akasema ni makosa ya karani, kesho ataleta kadi nyingine. Hiyo kesho mpaka leo haijafika, na laki tano hazikurudi.

Huo ndio mgogoro wa kwanza. Wanachama walidai mfuko ugawiwe wote, na wengine waliuliza kama kamati ilikula na dalali. Tulikaa vikao vitatu. Kilichotuokoa ni daftari. Mweka hazina alisoma kila shilingi mbele ya watu, tarehe kwa tarehe, na kamati ikakubali kulipa ile laki tano kutoka mifukoni mwetu kidogo kidogo. Tulilipa kwa miezi kumi. Iliuma, lakini baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kama tulikula.

Kulichagua

Wengi hutuuliza kwa nini hatukuchukua kirikuu, maana ni rahisi na kinakula mafuta kidogo. Kirikuu ni kizuri mjini. Huku kwetu, mwezi wa nne, kwenye kilima chenye utelezi, kinarudi nyuma kama mbuzi aliyegoma. Fuso nayo ni ndefu mno kwa njia zetu za mashambani, na bei yake hatukuiweza.

Fundi alitushauri tutafute Toyota Land Cruiser pikapu, zile za zamani. Jamii hiyo, ya namba 70, ilianza kutengenezwa mwaka 1984. Ile tuliyoipata ni ya miaka ya 1990, kabla ya ile ya 79 iliyotoka 1999. Ina injini ya dizeli ya silinda sita, lita 4.2, haina turbo wala kompyuta. Chini ina springi za mapande mbele na nyuma, na inavuta kwa miguu yote minne. Fundi alisema, "Mama zangu, gari hili likiharibika Lwangwa litatengenezwa Lwangwa. Hizi mpya zikiharibika zinataka mtu mwenye kompyuta." Hilo lilitosha.

Safari hii hatukuwa na haraka. Fundi alilala chini na nyundo ndogo, akagonga chesisi yote kusikia kama kutu imekula. Aliomba injini iwashwe asubuhi ikiwa baridi, akatazama moshi. Alifungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, aone kama inapumua. Alitia gia ya miguu minne akapanda tuta. Sisi nasi tulikwenda TRA kuhakikisha jina la mwenye gari, na polisi wa usalama barabarani kuuliza kama lina faini. Ndipo tukalipa, benki kwa benki, na risiti ikaandikwa.

Bei ilikuwa milioni 24. Mfuko wetu ulikuwa na milioni 16 na laki tatu. Tulijaziwa na mkopo wa halmashauri wa milioni 12, ule usio na riba, unaotoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Tuliupata kwa sababu kikundi kilikuwa na katiba, akaunti na cheti, maana baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi kama vyetu viliwekwa daraja la nne na vikatakiwa kusajiliwa. Zamani tuliona karatasi hizo ni usumbufu. Siku ya gari tuliona faida yake.

Tena jambo moja lisisahaulike. Waume wawili watatu walikuja kwa nia njema wakasema kadi iandikwe jina la mwanaume mmoja mwenye heshima, ili "mambo yasisumbue." Tuliwashukuru, tukawapa chai, tukaandika jina la kikundi.

Kuliunda upya

Gari lilifika Tukuyu Juni 2021. Lilikuwa na bodi ya chuma tupu, pembeni fupi. Tulibakiwa na milioni nne na ushee, tukalipeleka kwa fundi wa kuchomelea, na kila mwanachama akawa fundi kwa mdomo.

Kwanza zilichomelewa mbavu za bomba kuzunguka bodi, juu kufika kifuani kwa mtu, ili mikungu isimame. Ndizi ikilala chini ya nyingine inachubuka, na ndizi iliyochubuka Mwanjelwa wanaikata bei. Sakafuni tunatandika majani makavu ya mgomba, na kila safu tunaweka majani mengine. Hilo halikuhitaji fundi, ni elimu ya mama zetu.

Pili, juu ya mbavu likawekwa turubai linalokunjwa, maana viazi vikinyeshewa vinaoza na ndizi zikipigwa jua zinaiva njiani. Tatu, pembeni pa kioo ukawekwa mkonga, lile bomba la kuvutia hewa juu, ili tukivuka maji injini isiyanywe. Nne, ndoano mbili za kuvutia, na sanduku la cheni za matairi kwa siku za tope. Tano, sehemu ya kufungia keni za maziwa zisipinduke. Sita, ngazi ya nyuma. Hiyo ngazi fundi hakuiona umuhimu wake. Tulimwambia wewe unavaa suruali, sisi tunavaa vitenge, na mama wa miaka sitini hawezi kurukia bodi kama kondakta.

Saba, tuliongeza springi. Kila upande wa nyuma tuliongezewa mapande mawili mazito, gari likasimama juu, nyuma limeinuka kama kuku jike. Tulifurahi, tukapiga vigelegele pale gereji. Fundi akiwa anafuta mikono alisema neno ambalo tungelisikiliza tusingeandika sura inayofuata. Alisema, "Springi nimewaongezea. Breki ni zile zile."

Tulimwitikia kama mtu anavyoitikia salamu, tukaondoka.

Siku ya Isongole

Miezi ya kwanza ilikuwa sherehe. Tulipeleka ndizi Mbeya wenyewe, kilometa kama sabini, na mlanguzi alipokuja na bei yake ya jioni alikuta mahali petu patupu. Gari lilipeleka mama mjamzito hospitali usiku, likaleta mabati ya zahanati, likabeba jeneza bila malipo. Tukajiona tumefika.

Basi tamaa ikaingia. Gari la namna ile linabeba kama tani moja. Mkungu mmoja wa kwetu, tukichukua wa wastani, ni kilo 25, kwa hiyo 40 ni tani. Tulianza na 40. Springi hazikushuka, tukaweka 50. Hazikushuka, tukaweka 60. Kila safari dereva alitazama nyuma akaona gari limenyooka, naye akasema bado. Springi zilikuwa zinatudanganya, au niseme tulikuwa tunaziuliza swali lisilo lao. Springi inajibu habari ya kubeba. Habari ya kusimama inajibiwa na breki.

Aprili 2022, siku ya mvua, liliondoka na mikungu zaidi ya 70, na juu ya mzigo wamekaa wanachama wawili. Tuliopanga mzigo ule ni sisi wa kamati. Dereva aliuliza mara moja, tukamwambia soko ni zuri leo. Baada ya Isongole barabara inaposhuka kuelekea Uyole, kijana alishuka na gia kubwa, akawa anashika breki muda wote. Breki zikishikwa hivyo zinapata moto, mafuta yake yanachemka, na pedali inazama kama unakanyaga uji. Alipotaka kurudisha gia ndogo ikawa imechelewa. Mungu alimpa akili, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima badala ya upande wa bondeni. Lilikwaruza, likainama, likalala kwa ubavu kwenye mtaro.

Hakufa mtu. Mwenzetu mmoja alivunjika mguu, mwingine aliumia bega. Mikungu ilitapakaa barabarani, na wapita njia wakaokota.

Jioni hospitalini tulikaa kwenye benchi, hakuna anayeongea. Mwenzetu wa mguu ndiye aliyesema, tena bila hasira: "Sisi si ndio tuliomlilia mlanguzi habari ya lumbesa? Leo nani kalishonea gari kilemba?"

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna. Mtu akikuonea, unajifunza kuonewa kunauma, lakini hujifunzi kutoonea. Ile tabia tuliyoichukia kwenye gunia tuliipeleka wenyewe kwenye chuma, na juu yake tukakalisha watu.

Huo ndio mgogoro wa pili. Bima yetu ilikuwa ndogo, haikulipa matengenezo. Mkopo wa halmashauri ulikuwa haujaisha. Wanachama wanne walijitoa, na tuliwapa haki zao zote. Wengi walitaka gari liuzwe kama chuma chakavu. Gharama za hospitali zililipwa na mfuko wa jamii, na kamati nzima ilijiuzulu. Tulichaguliwa tena wachache tu, kwa masharti.

Kanuni

Aliyeandika masharti ni yule mama aliyesema gari ni mume wa pili. Alisema, "Sasa tulioe kwa mkataba." Masharti ni haya, nayo yamo kwenye katiba:

Mzigo ni mikungu 40 au viazi uzito wa tani moja, soko liwe zuri lisiwe zuri. Hakuna mtu kukaa juu ya mzigo, hata mwenyekiti. Mteremko unashukwa na gia ndogo toka juu. Breki zinafunguliwa na kukaguliwa kila mwezi. Dereva akikataa mzigo, kamati haina ruhusa kumlazimisha. Kila safari sehemu ya mapato inaingia mfuko wa matairi na matengenezo kabla hatujagawana hata mia. Na daftari la gari linashikwa na mtu asiye wa kamati. Analishika yeye mpaka leo, na ukikosea shilingi hamsini hulali.

Fundi alitoa pande moja kila upande wa springi, gari likashuka kidogo, likaacha ule urembo wake wa kuku jike. Kisha kwenye mlango wa bodi nyuma tuliandika kwa rangi nyekundu: MIKUNGU 40 MWISHO. Walanguzi walitucheka. Lakini mwaka 2023 tulimaliza mkopo wote, na tangu siku ile ya Isongole gari halijamwangusha mtu.

Mwenzetu wa mguu anatembea, anachechemea kidogo siku za baridi. Ndiye anayehesabu mikungu asubuhi ya safari. Ikifika 40 anapiga bodi kwa kiganja mara mbili, na mlango unafungwa.

Mwisho

Gari sasa ni zee na moshi umeanza kuwa mwingi. Tumeanza tena mfuko, na tukijaliwa tutanunua jingine. Wapo wanaosema safari hii tununue kubwa zaidi. Labda. Lakini tunawaomba viongozi watakaokuja baada yetu, kabla hamjauliza gari linabeba kiasi gani, ulizeni kwanza linasimamaje. Na kikundi nacho ni hivyo hivyo. Kuongeza wanachama, kuongeza mikopo, kuongeza hisa, hizo zote ni springi. Daftari, kanuni, na mtu mwenye ruhusa ya kusema hapana, hizo ndizo breki.

 Kwa wale wanne waliojitoa, mlango upo wazi.

 

Mwenyekiti, kwa niaba ya kamati
Tukuyu, Rungwe